Mnyaa Wenye Upanga wa Jogoo

Nyuma ya zizi la mbuzi, katika kijiji kimoja cha Wilaya ya Ngara kinachotazamana na vilima vya Burundi, mzee mmoja alinionyesha tawi la mnyaa ambalo alikuwa amekataza lisikatwe. Ua mzima ulikuwa wa minyaa ya kawaida, ile ya vijiti vya kijani vyembamba kama penseli, isiyo na majani ya kuonekana, ambayo msafiri huizoea njiani kuanzia Nyakanazi na Nyakahura, wilayani Biharamulo, hadi karibu na mpaka wa Rusumo. Tawi lile moja, hata hivyo, halikuwa na vijiti. Lilikuwa bapa, limejikunja na kujikunyata mfano wa upanga wa jogoo.

"Daktari," aliniambia, "wapo wanaosema hili limerogwa. Mimi nasema limeugua. Wewe unasemaje?"

Sikuwa nimefika pale kwa ajili ya mimea. Nilikuwa katika msafara wa huduma za mkoba za macho, nami nilimfuata mjukuu wake, kijana wa miaka 12, ambaye jirani alitueleza kwamba ameunguzwa na minyaa na hajatoka ndani kwa siku 4. Nilimkuta ameketi gizani, kitambaa usoni, jicho la kulia limevimba hata halifunguki. Alikuwa akipogoa ua kwa panga, utomvu ukaruka. Naye, kama afanyavyo mtu yeyote, akalifikicha jicho kwa kiganja ambacho nacho kilikuwa kimelowa utomvu uleule. Ulikuwa mwezi wa Agosti na kisima kilikuwa mbali. Maji yaliyokuwamo ndani yalikuwa ya kupikia, hivyo jicho lilipanguswa tu kwa kitambaa chenye unyevu. Baadaye mtu alishauri yatiwe maziwa ya mama anayenyonyesha, na mwingine akaleta majani yaliyopondwa. Yote mawili yalifanyika, kwa nia njema kabisa.

Nitarudi kwa kijana huyu. Kwanza nimjibu mzee, kwa sababu swali lake lilikuwa bora kuliko mwenyewe alivyodhani, na jibu lake linaeleza pia kilichompata mjukuu.

Mmea usio dungusi kakati

Mtu akiuona mmea mnene usio na majani, unaositawi juu ya mwamba mahali ambapo hata nyasi zimekauka, huuita kaktasi, au kwa Kiswahili cha kamusi, dungusi kakati. Mnyaa si dungusi kakati. Ukoo wa dungusi kakati ni wa bara la Amerika. Mpungate wenye miiba na matunda mekundu tunaoukuta huku kwetu uliletwa na watu kutoka huko. Ni aina moja tu ya ukoo huo, Rhipsalis baccifera, iliyoko Afrika kwa asili yake, nayo haifanani hata kidogo na picha tuliyo nayo vichwani: huishi juu ya matawi ya miti ya misitu yenye unyevu na kuning'inia kama kamba nyembamba za kijani.

Mnyaa, ambao wataalamu huuita Euphorbia tirucalli, ni ndugu wa mhogo, mbarika na mti wa mpira. Jina la kwanza lina historia inayotuhusu sisi wa taaluma ya tiba. Yapata miaka 2,000 iliyopita Juba wa Pili, mfalme wa Mauretania kaskazini mwa Afrika, aliupa mmea mmoja wa jamaa hii jina la tabibu wake, Euphorbus. Jina la pili limetoka pwani ya Malabar huko India, na Linnaeus aliyaunganisha mwaka 1753. Hapa nchini Wamaasai huuita mmea huu emanyara kwa jinsi wanavyouzungushia maboma yao, na ndiko Ziwa Manyara linakosemekana kupata jina lake.

Koo hizi mbili, moja ya Amerika na nyingine ya kwetu, zimetenganishwa na bahari na mamilioni ya miaka, lakini zimefikia umbo moja kwa kuwa zilikabiliwa na shida moja. Kuzitofautisha si kazi kubwa. Miiba ya dungusi kakati hutokea kwenye vinundu vidogo vyenye manyoya, mfano wa mito ya kuchomekea sindano. Jamaa ya mnyaa haina vinundu hivyo, na ikijeruhiwa hutoa utomvu mweupe kama maziwa. Namwomba msomaji atosheke na kipimo cha vinundu.

Sasa tawi la mzee. Kwenye ncha ya kila tawi la mmea pana kundi dogo sana la seli ambazo kazi yake ni kugawanyika na kulirefusha tawi. Kwa kawaida kundi hilo ni kama nukta, na ndiyo maana kijiti hutokea cha duara. Mara chache nukta hiyo hupanuka ikawa mstari, na tawi, badala ya kwenda juu, hufunguka kama kipepeo cha mkono kisha hujikunja kwa kukosa nafasi. Chanzo chaweza kuwa badiliko la ghafla katika vinasaba vya seli moja, au jeraha, au wadudu, au bakteria. Kwa hiyo mzee hakuwa mbali na ukweli aliposema kwamba tawi limeugua. Hali hiyo huonekana katika dungusi kakati na katika jamaa ya mnyaa vilevile, na wapenda bustani wa nchi za mbali hununua mimea ya namna hiyo kwa bei ambayo mzee wetu asingeiamini.

Kuna mabadiliko mengine ya vinasaba yaliyo makali zaidi. Ipo aina ya mnyaa, ipandwayo bustanini katika nchi nyingi, ambayo klorofili yake ni pungufu, ndiyo maana vijiti vyake huwa vya manjano na vyekundu kama moto. Huishi, ila hukua polepole kuliko mnyaa wa kijani, kwa kuwa jiko lake la kutengenezea chakula ni dogo. Nchini Japani, katika miaka ya 1940, miche ya dungusi kakati mmoja mdogo wa Amerika ya Kusini ilichipua ikiwa myekundu tupu, haina klorofili kabisa. Miche ya namna hiyo hufa upesi ikiachwa yenyewe; ile inayouzwa leo katika vyungu huwa imepandikizwa juu ya shina la dungusi kakati mwingine wa kijani, unaoilisha maisha yake yote. Badiliko la vinasaba, basi, mara nyingi ni hasara, mara chache huvumilika. Naomba neno hili likumbukwe, maana tutakutana nalo tena ndani ya mwili wa mtoto.

Kuishi kwa pumzi ya usiku

Ngara na Biharamulo si jangwa. Kuna masika na vuli, kuna migomba na kahawa, kuna mto Ruvubu unaoungana na Kagera karibu na maporomoko ya Rusumo. Lakini anayepanda kilima chenye mawe mwezi wa Agosti, baada ya miezi mitatu bila mvua ya maana, anaelewa kwamba mmea uliosimama pale unaishi katika jangwa lake dogo la msimu.

Mimea mingi hufungua vitundu vya majani yake wakati wa mchana ili kuingiza hewa ukaa, malighafi ya usanisinuru. Kila kitundu kinapofunguka, maji nayo hutoroka, na jua la mchana huyafyonza bila huruma. Mnyaa una mifumo miwili. Majani yake madogo, yanayochipua wakati wa mvua na kudondoka baada ya muda mfupi, hufanya kazi mchana kama majani ya maharage. Vijiti vya kijani hufanya kazi kwa zamu ya usiku: vitundu hufunguka gizani, hewa ikiwa imepoa, na hewa ukaa inayoingia huwekwa akiba ndani ya seli kama asidi ya maliki, ileile inayolipa tofaa bichi ukali wake. Kunapopambazuka vitundu hufungwa. Mmea ukishajifungia ndani huivunja asidi ile polepole, huitoa hewa ukaa yake, na hutengeneza sukari kwa nguvu ya jua bila kupoteza maji kwa wingi.

Daktari mmoja aliyekuwa pia mtaalamu wa mimea, Benjamin Heyne, aliyefanya kazi India, aliitambua siri hii kwa ulimi. Alitafuna majani manene ya mmea mmoja wa bustanini, akaona ni machachu asubuhi, hayana ladha mchana, na jioni yana uchungu kidogo; barua yake juu ya jambo hilo ilichapishwa mwaka 1815. Alibahatika kuchagua mmea usio mnyaa.

Kuhifadhi maji, lakini, hakutoshi. Mmea wenye akiba ya maji wakati wa kiangazi ni sawa na nyumba yenye unga wakati wa njaa: kila mpita njia atabisha hodi. Dungusi kakati alijilinda kwa miiba. Mnyaa ulijilinda kwa utomvu. Ndani ya vijiti vyake vyote mna mirija myembamba iliyojaa maziwa yaliyobanwa kwa shinikizo, kiasi kwamba kijiti kikikatwa hayachuruziki tu, bali huruka. Huwagandisha wadudu midomo, huganda na kuziba jeraha, na hubeba kemikali za jamii ya foboli na injenoli zinazowasha ngozi na utando wowote laini zinapoigusa. Mbuzi anajua. Ndiyo sababu minyaa ikawa ua bora wa zizi, na alama ya mpaka wa shamba ambayo hakuna mnyama aifutaye, na katika sehemu nyingi za Afrika, sumu ya kuvulia samaki. Melvin Calvin, mwanasayansi wa Marekani aliyepata Tuzo ya Nobeli mwaka 1961 kwa kueleza njia ya usanisinuru, aliwahi hata kupendekeza jamaa ya mnyaa ilimwe ili utomvu wake ugeuzwe mafuta ya kuendeshea magari. Magari hayo hayajafika Ngara.

Kinachotokea jichoni

Utomvu wa minyaa ukiingia jichoni huwasha na kuchoma papo hapo. Baadaye kidogo maumivu yaweza kupoa, na hapa ndipo watu wengi hudanganyika, mgonjwa na mhudumu pamoja. Katika saa zinazofuata, mara nyingi usiku wa siku ileile au kesho yake, tabaka la juu la konea, yaani kile kioo cha mbele cha jicho, hubanduka. Kope huvimba, mwanga hauvumiliki, uoni hufifia kama mtu anayetazama ndani ya moshi. Mara nyingine uvimbe huingia hadi ndani ya jicho na kuigusa mboni. Mgonjwa aliyeoshwa mapema na kutibiwa vizuri kwa kawaida hupona katika wiki moja au mbili. Aliyechelewa, au aliyetiwa vitu vichafu juu ya konea iliyochubuka, anaweza kupata maambukizi ya bakteria au ya fangasi, na kovu litakalobaki katikati ya kioo halitaondoka kwa dawa ya matone.

Kinachoamua mengi ni dakika za mwanzo, nazo hazipiti hospitalini. Hupita uani. Aliyepatwa na utomvu aoshe jicho hapohapo kwa maji mengi yanayotiririka, kwa muda usiopungua dakika 15, na ikiwezekana dakika 30, akilifungua na kulizungusha jicho huku maji yakitoka upande wa pua kwenda upande wa sikio ili yasiingie jicho la pili. Maji safi ni bora, lakini asipoteze dakika akichemsha maji au akimtuma mtoto kisimani. Maji safi kuliko yote yaliyopo pale nyumbani ndiyo yanayofaa. Mikono ioshwe kwanza kwa sabuni, maana kiganja chenye utomvu hurudisha kila kilichoondolewa. Najua ninachokiomba. Katika vijiji vingi vya Biharamulo na Ngara, mwezi wa Agosti, ndoo ya lita 20 ni kazi ya asubuhi nzima ya mama au binti, na kuimwaga usoni mwa mtoto kwa nusu saa ni uamuzi mzito. Ninasema tu kwamba jicho lina thamani kuliko ndoo hiyo, na kwamba anayekwenda kupogoa minyaa angefanya vyema kuiweka ndoo karibu kabla hajainua panga, akapogoa asubuhi kusipokuwa na upepo, na akavaa miwani ya aina yoyote. Miwani ya jua ya gulioni inatosha kuzuia tone.

Maziwa ya mama, mkojo, asali, maji ya chumvi yaliyokadiriwa kwa macho, majani yaliyopondwa: hakuna kati ya hivi kinachoondoa utomvu, na kila kimoja chaweza kuleta vijidudu.

Kwa wenzangu wa zahanati na vituo vya afya nina machache. Hata kama mgonjwa ameshaosha nyumbani, osha tena. Chupa ya maji ya dripu ya chumvi na mpira wake ni kifaa kizuri kuliko sindano ya kunyunyizia, maana kinatiririsha bila kukoma. Pindua kope la juu na kuondoa mabonge ya utomvu ulioganda, kwa sababu hukaa hapo na kuendelea kuunguza. Baada ya kuosha, si kabla, pima uoni wa kila jicho peke yake na uandike. Kama kuna karatasi ya rangi ya fluoresini, itumie kuona ukubwa wa mchubuko. Mpake dawa ya macho ya tetrasaiklini, mpe ya maumivu, na umtake arudi kesho hata kama anajisikia nafuu. Dawa ya ganzi ya matone ibaki kliniki. Mgonjwa akienda nayo nyumbani ataitumia kila maumivu yanaporudi, na konea haiponi chini ya ganzi. Matone ya jamii ya steroidi yasitolewe na asiye mtaalamu wa macho. Uoni ukiwa umepungua, au konea ikiwa na ukungu, au maumivu yakizidi badala ya kupungua, mpeleke hospitali ya wilaya siku hiyohiyo, na kwenye barua ya rufaa uandike wazi kwamba ni utomvu wa minyaa. Neno hilo moja humwokolea daktari wa mbele nusu ya kazi.

Dawa ya chunjua

Mzee aliniuliza pia, kwa sauti ya chini, kuhusu matumizi ya minyaa kama dawa, maana yeye mwenyewe alikuwa ameiweka juu ya chunjua akiwa kijana na chunjua ikatoka. Sikumbishia. Utomvu unaounguza ngozi utaunguza na chunjua, na hutumiwa hivyo katika nchi nyingi. Wengine huutia kwenye jino linalouma, wengine huumeza ili waharishe. Kuumeza ni hatari iliyo dhahiri, kwani unaunguza kinywa, koo na tumbo kama unavyounguza jicho, na aliyeumeza asitapishwe bali apelekwe kituoni.

Kwenye ngozi, hatari ni ya taratibu zaidi. Kutoka kwa ndugu mmoja wa mnyaa, gugu dogo liitwalo Euphorbia peplus, kilitengenezwa kilainisho chenye injenoli kwa ajili ya madoa ya ngozi yaletwayo na jua, yale yanayoweza kugeuka saratani. Mamlaka za Marekani zilikiidhinisha mwaka 2012. Mwaka 2020 kiliondolewa katika soko la Ulaya, baada ya kuonekana wasiwasi kwamba huenda kinaongeza saratani ya ngozi palepale kilipopakwa. Hiyo ilikuwa dawa iliyopimwa kwa uangalifu katika maabara. Kwa hiyo, kwa wenzetu wenye ualbino hasa, ambao madoa hayo huwaandama tangu utotoni, ushauri wangu ni mmoja: utomvu wa minyaa usiguse ngozi yako, na doa lisilopona liletwe hospitalini.

Taya la mtoto

Nimefikia sehemu ambayo ni ngumu kuieleza kijijini bila kuwatia watu hofu, lakini jarida hili lisipoieleza itaelezwa vibaya na wengine.

Mwaka 1958 Denis Burkitt, daktari mpasuaji wa Hospitali ya Mulago, Kampala, alichapisha maelezo ya uvimbe wa taya uliokuwa ukiwaua watoto wa Uganda. Mwezi Oktoba 1961 yeye na madaktari wenzake wawili, Ted Williams na Clifford Nelson, walianza safari ndani ya gari kuukuu aina ya Ford, wakasafiri kwa wiki 10 na maili zipatazo 10,000, kutoka Uganda kupitia Tanganyika hadi kusini mwa Afrika, wakiuliza hospitali baada ya hospitali kama uvimbe ule unajulikana. Walirudi na ramani. Ugonjwa ulipatikana penye joto na mvua, na ulitoweka kwenye nyanda za juu zenye baridi. Msomaji wa Ngara atatambua kwamba anaishi juu ya mstari huo, mahali ambapo nyanda za juu za Burundi na Rwanda zinateremka kuelekea Biharamulo na Ziwa Viktoria.

Mwaka 1964 Anthony Epstein, Bert Achong na Yvonne Barr waliviona virusi ndani ya seli za uvimbe huo, vikaitwa virusi vya Epstein-Barr. Lakini virusi hivyo huenezwa kwa mate, na karibu kila mtoto wa Afrika Mashariki huambukizwa angali mdogo bila kudhurika. Lazima pawepo na jambo la pili. Malaria ndiyo inayotuhumiwa zaidi, kwa kuwa inadhoofisha ulinzi wa mwili na kuzichochea seli zilezile ambamo virusi hujificha. Mwaka 2012 wakala wa kimataifa wa utafiti wa saratani ulitangaza kwamba malaria mahali inapoenea sana ni chanzo kinachoelekea kuwa cha kweli cha ugonjwa huu.

Minyaa iliingia katika habari hii katika miaka ya 1980, wanasayansi wa Japani walipoonyesha kwamba dondoo za utomvu wake huviamsha virusi vya Epstein-Barr vilivyolala ndani ya seli. Mwaka 1991 ilichapishwa kazi nyingine: seli za damu zilizowekwa maabarani pamoja na virusi na dondoo la mnyaa zilionekana kuvunjika na kuunganika upya kwa kromosomu, hasa kromosomu namba 8. Hilo ndilo neno tuliloomba likumbukwe. Saratani ya Burkitt huanza pale kipande cha kromosomu hiyo, chenye kinasaba kiitwacho MYC, kinapohamia mahali pasipo pake, mara nyingi kwenye kromosomu namba 14, na seli ikaanza kugawanyika bila breki. Mwaka 1993 watafiti nchini Malawi waliandika kwamba minyaa ilikutwa karibu na nyumba za watoto wenye ugonjwa mara nyingi zaidi kuliko karibu na nyumba za watoto wengine.

Je, ua wa minyaa huleta saratani? Hilo halijathibitishwa. Seli ndani ya chupa si mtoto anayecheza uani, na palipo na minyaa mingi mara nyingi pana mbu wengi na umaskini vilevile, kwa hiyo si rahisi kujua nani mwenye kosa. Sioni sababu ya kijiji kizima kung'oa nyua zake. Kazi hiyo yenyewe ingejaza zahanati watu wenye macho yaliyoungua. Ninaona sababu ya kutopanda minyaa pembeni mwa kisima, jikoni au mahali watoto wanapochezea, na ya kuwakataza watoto kuvigeuza vijiti vyake kuwa mishale na midoli. Na chandarua chenye dawa, ambacho hakuna anayebishana juu yake, kitundikwe kila usiku.

Lililo hakika ni kwamba uvimbe huu hukua upesi kuliko karibu saratani nyingine yoyote ya binadamu, na unaweza kuongezeka mara mbili katika siku moja au mbili. Mtoto ambaye meno yake yanalegea bila sababu, ambaye taya au tumbo linavimba, au ambaye jicho moja linasukumwa mbele, asipewe antibaiotiki za jipu la jino na kuambiwa arudi baada ya wiki mbili. Wiki mbili ni nyingi mno. Apelekwe Bukoba au Bugando, Mwanza, ambako kipande cha uvimbe kitapimwa na tibakemikali kuanzishwa. Safari ya Mwanza imekuwa nyepesi kidogo tangu Juni 2025, daraja la Kigongo–Busisi lilipofunguliwa na kungoja kivuko kukaisha. Saratani hii, kwa ukali wake wote, ni miongoni mwa zile zinazosalimu amri mbele ya dawa, na watoto wengi wanaowahi hupona kabisa.

Kijana wa Ngara hakuwa na uvimbe wa namna hiyo, alikuwa na jicho lililoungua. Tulimwosha upya, tukatoa mabaki ya majani chini ya kope la juu, na tukaona kidonda cheupe pembezoni mwa konea. Alilazwa hospitalini siku 9. Nilipita tena kijijini mwezi wa Oktoba, mvua za vuli zimeanza na kilima kimegeuka kijani. Alikuja mwenyewe mbio, akasimama mita 6 kutoka kwenye chati ya herufi E, akaziba jicho la kushoto kwa kiganja na kuonyesha kwa vidole zinakoelekea herufi, mstari baada ya mstari, hadi wa tatu kutoka chini. Hapo alikwama. Kovu lilikuwa dogo, na kwa bahati halikukaa katikati.

Babu yake alikuwa amekata minyaa yote ya upande wa jikoni na kupanda michongoma. Upande wa zizi aliuacha. Alinipeleka tena kuliona lile tawi lake, akiwa na swali jipya kama litakufa, nami nilipoinama nikaona kwamba pembeni mwa ule upanga wa jogoo vimechipua vijiti 2 vya kawaida, vyembamba kama penseli, na kwenye ncha zake vijani vidogo vya mvua.